Daftari la Hospitali: Kazi Yake na Utunzaji Wake

Wanafunzi wenzangu, katika kurasa hizi nimetaka kueleza habari za kazi moja ambayo wengi wetu hatuijui, wala hatuifikirii tunapoulizana tutafanya nini baada ya kumaliza masomo. Kazi hiyo ni kutunza kumbukumbu za wagonjwa hospitalini. Mwanafunzi akisema anataka kuwa daktari, wote humsifu. Akisema anataka kuwa karani wa mafaili, huchekwa. Lakini wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa mali hupotea hivyo, je, uhai wa mtu?

1. Maana ya kumbukumbu za hospitali

Kumbukumbu za mgonjwa ni maandishi yote yanayomhusu: jina lake, umri wake, mahali anapokaa, ugonjwa aliokuja nao, vipimo alivyopimwa, dawa alizopewa, na mwisho wa matibabu yake, yaani kama alipona, alihamia mahali pengine, au alifariki. Maandishi hayo yana kazi tatu.

Kwanza, humsaidia mgonjwa mwenyewe. Daktari aliyemtibu mwezi uliopita huenda leo yuko likizo, na huyu wa leo hamjui mgonjwa. Maandishi ndiyo yanayozungumza baina ya madaktari hao wawili.

Pili, huisaidia hospitali. Mkuu wa hospitali hawezi kujua aagize dawa kiasi gani, wala awaweke wauguzi wangapi zamu ya usiku, kama hajui ni wagonjwa wangapi hufika na kwa maradhi gani.

Tatu, huisaidia nchi. Wizara hukusanya hesabu za hospitali zote na kuona ugonjwa gani unapungua na upi unaongezeka, na katika wilaya gani.

Nitatoa mfano mmoja nilioushuhudia. Mwaka jana nilimsindikiza shangazi yangu katika kituo kimoja cha matibabu, ambacho sitakitaja jina. Faili lake halikuonekana. Akapimwa damu tena, akalipa tena. Kisha akaulizwa ni dawa gani iliyomvimbisha mwili miaka miwili nyuma. Akajibu, "Vilikuwa vidonge vyeupe." Basi, vidonge vyeupe ni vingi mno duniani! Mwuguzi alikuwa mpole na mwenye bidii, lakini hakuweza kusoma maandishi yasiyokuwapo. Shangazi akapewa dawa ya kubahatisha, nasi tukakaa usiku ule kumwangalia kama atavimba. Alhamdulillahi hakuvimba, lakini ilikuwa bahati tu, na hospitali haipaswi kutegemea bahati.

2. Mifano mitatu ya Afrika Mashariki

Watu wengine hudhani kwamba kuandika ni kazi ya kupoteza wakati, na kwamba daktari hodari ni yule anayetibu bila kuandika sana. Habari za nchi zetu zinaonyesha kinyume.

Mfano wa kwanza ni Mengo, Kampala. Mwaka 1897 daktari mmisionari Albert Cook alifungua hospitali huko Mengo. Nyumba ilikuwa duni, dawa zilikuwa chache, lakini tangu mwanzo Dr. Cook na wenzake waliandika habari za wagonjwa wao kwa uangalifu na kuzihifadhi vitabuni. Miaka mingi baadaye, mwaka 1964, madaktari wa Makerere walitangaza matokeo ya kuzichunguza kumbukumbu hizo za Mengo, kuanzia mwaka 1897 hadi 1956, wakitafuta habari za saratani. Wakaona kwamba saratani haikuwa ugonjwa uliokuja jana katika nchi hizi. Ilikuwako tangu siku za kwanza za hospitali ile. Fikirini jambo hili: maandishi ya mwaka 1897 yalijibu swali ambalo mwandishi wake hakupata kuliulizwa.

Mfano wa pili ni wa Dr. Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago. Mwaka 1957 aliitwa amwone mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Baadaye kidogo, alipokuwa Jinja, akamwona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa namna ile ile. Daktari mwingine angeweza kustaajabu na kupita. Yeye alirudi katika kumbukumbu za Mulago, akazisoma, akaona kwamba watoto wengi walikuwa na uvimbe kama huo, tena si tayani tu bali na sehemu nyingine za mwili. Mwaka 1958 akatangaza habari zake. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari yapata maili 10,000, kutoka Kampala mpaka kusini mwa Afrika, wakizuru hospitali zaidi ya 50, nyingi zikiwa za misheni, na kuuliza kila mahali: Je, mmeuona uvimbe huu? Majibu yalipowekwa juu ya ramani, ikaonekana kwamba ugonjwa ulikuwa mwingi katika nchi za joto na mvua, na haba katika milima yenye baridi. Habari hiyo iliwasaidia wataalamu kuona uhusiano wake na malaria. Na mwaka 1964 huko London, Anthony Epstein na wenzake waligundua kirusi ndani ya uvimbe ulioletwa kutoka Uganda. Hospitali ambazo hazikuandika kitu zisingeweza kutoa jibu la kuaminika.

Mfano wa tatu ni wa Tanzania, nao ndio unaonipendeza zaidi, kwa sababu dawa yenyewe ilikuwapo na kilichopungua ni daftari. Ugonjwa ni kifua kikuu. Mgonjwa hutumia dawa kwa miezi mingi. Akijisikia nafuu baada ya majuma machache huacha, na ugonjwa humrudia ukiwa mkali zaidi. Mwisho wa miaka ya 1970 Tanzania ilianza mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu, ikisaidiwa na Dr. Karel Styblo, mtu aliyezaliwa Chekoslovakia, ambaye mwenyewe aliugua kifua kikuu akiwa mfungwa katika kambi ya Wajerumani ya Mauthausen wakati wa vita vya pili.

Njia yao ilikuwa rahisi kueleza. Wagonjwa wote walioandikishwa katika miezi mitatu huhesabiwa kuwa kundi moja. Muda wa matibabu ukiisha, daftari hufunguliwa na kila jina huulizwa: Huyu amepona? Amemaliza dawa? Amekufa? Dawa zimeshindwa? Ametoroka? Amehamia wilaya nyingine? Hakuna jina linaloruhusiwa kukosa jibu. Tuseme kundi lina watu 100, na 60 wamepona. Njia ya zamani ingesema, "Tumeponya watu 60," na watu wangepiga makofi. Daftari la Styblo linauliza, "Wale 40 wako wapi?" Swali hilo ndilo lililobadili kazi nzima. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliichukua njia hiyo na kuieneza ulimwenguni kote.

3. Jinsi ya kutunza daftari vizuri

Sasa tutazame kazi yenyewe inavyofanywa.

(a) Kila mgonjwa apewe namba moja tu, nayo iwe yake siku zote. Jina peke yake halitoshi. Hapa Rwanda ndugu wa tumbo moja mara nyingi hawana jina la ukoo linalowaunganisha. Akina Uwimana, Mukamana na Habimana ni wengi katika kila tarafa. Tena karani mmoja huandika kwa l na mwingine kwa r, na wazee wengi wameandikwa kuwa walizaliwa tarehe 1 Januari kwa kuwa siku yao haijulikani. Kitambulisho cha taifa chenye tarakimu 16 husaidia sana, lakini kwa miaka mingi kadi ilipewa mtu afikapo miaka 16, na watoto ndio wanaougua mara nyingi.

(b) Andika papo hapo. Anayengoja jioni aandike habari za wagonjwa 50 wa asubuhi, huandika anayoyakumbuka na kuyakisia asiyoyakumbuka.

(c) Ukikosea, usifute. Piga mstari mmoja juu ya neno ili lisomeke bado, andika lililo sahihi, kisha tia sahihi yako na tarehe. Maandishi yaliyofutwa hayaaminiki tena.

(d) Andika tarehe kamili, na kipimo cha dawa pamoja na uzito wa mgonjwa, hasa mtoto. Dawa inayomfaa mtoto wa kilo 20 yaweza kumdhuru mtoto wa kilo 7.

(e) Faili likitolewa rafuni, weka mahali pake kadi inayoonyesha limekwenda wapi, nani amelichukua na lini. Mafaili mengi yanayosemwa kuwa yamepotea hayakupotea. Yamo katika meza ya mtu.

(f) Panga mafaili kwa tarakimu za mwisho. Kwa mfano, namba 10-46-37: karani huenda kwanza katika rafu ya 37, hutafuta 46, kisha 10. Kwa nini isiwe kuanzia mwanzo? Kwa sababu namba mpya zote hukaribiana, na zikipangwa kwa mwanzo wake hujazana mahali pamoja, makarani wakasukumana. Zikipangwa kwa mwisho hutawanyika sawasawa katika rafu 100, kuanzia 00 hadi 99, na kila karani hupewa rafu zake za kusimamia. Faili likipotea hujulikana ni nani wa kuulizwa.

Mambo haya sita hayahitaji umeme wala fedha nyingi. Yanahitaji mtu mwangalifu.

4. Kompyuta na simu

Je, kompyuta haiwezi kufanya kazi yote hiyo? Yaweza kufanya nyingi. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana, Marekani, walianza kuandika habari za wagonjwa kwa kompyuta. Walipopima kwa saa, waliona kwamba muda wa mgonjwa kukaa kituoni ulipungua kwa asilimia 22. Kutokana na kazi kama hiyo, mwaka 2004 ilianza programu iitwayo OpenMRS, ambayo hailipiwi na ambayo nchi yoyote yaweza kuibadili ipendavyo. Mwaka 2006 ilianza kutumika Eldoret, na mwaka huo huo hapa kwetu Rwanda, katika hospitali ya Rwinkwavu, wilaya ya Kayonza, hasa kwa wagonjwa wa UKIMWI, ambao hutumia dawa maisha yao yote na hawawezi kusahauliwa hata mwezi mmoja.

Kadhalika mwaka 2009, kuanzia wilaya ya Musanze, washauri wa afya wa vijijini, wale tuwaitao abajyanama b'ubuzima, walianza kutuma habari za wanawake wajawazito kwa simu ya mkononi. Mshauri aliandika ujumbe mfupi, na ujumbe huo uliingia katika daftari la nchi. Hatari ilipotokea, kituo cha afya kilijulishwa. Hao si wasomi wakubwa. Ni majirani zetu waliochaguliwa na kijiji.

Hata hivyo kompyuta haimfanyi mzembe awe hodari. Aliyeandika jina vibaya katika karatasi ataliandika vibaya katika kompyuta, na kosa litasafiri upesi zaidi. Tena umeme ukikatika, hospitali isiyo na karatasi za akiba husimama. Kwa hiyo kanuni zile sita hubaki vile vile.

5. Jambo hili na sisi wa Rubavu

Sisi wa Rubavu tuna sababu yetu ya pekee ya kulijali jambo hili. Mji wetu na Goma ni kama nyumba mbili zenye ukuta mmoja. Watu huvuka mpaka kwa biashara, kwa arusi, kwa msiba na kwa matibabu. Maradhi nayo hayaonyeshi cheti mpakani. Mwezi wa Julai 2019 mgonjwa wa kwanza wa Ebola alipopatikana Goma, sote tulikuwa hatarini, na vituo vya kunawa mikono na kupima joto la mwili mpakani vikawa muhimu kuliko zamani. Ebola ile haikuingia Rwanda.

Lakini tarehe 27 Septemba 2024 nchi yetu ilitangaza ugonjwa wa Marburg, ambao ni jamaa ya Ebola. Waliougua walikuwa 66, na 15 kati yao walifariki. Wengi wa waliougua walikuwa watumishi wa afya wenyewe. Tarehe 20 Desemba 2024 ikatangazwa kwamba umekwisha. Ulikwishaje? Dawa, vifaa na ujasiri wa wauguzi vilifanya kazi kubwa. Lakini pamoja na hayo ilikuwako orodha: kila mtu aliyemgusa mgonjwa aliandikwa, akaangaliwa siku 21. Jina moja likisahauliwa katika orodha kama hiyo, ugonjwa huanza upya. Hapo karani na daktari ni askari wa safu moja.

6. Hatari ya maandishi

Sasa hapana budi niseme neno zito. Maandishi yanaweza kuokoa watu, na yanaweza kuwaua. Sisi Wanyarwanda twajua. Katika miaka ya 1930 utawala wa Kibelgiji uliwaandika watu na kuwapa vyeti vilivyomtaja kila mmoja kuwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Neno hilo moja lilibaki katika vitambulisho kwa miaka mingi. Mwaka 1994, wakati wa Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, watu walisimamishwa vizuizini, vitambulisho vyao vikasomwa, na wengi wakauawa kwa ajili ya neno hilo. Baadaye neno hilo liliondolewa katika vitambulisho vyetu.

Kwa hiyo mtunza kumbukumbu ajiulize daima maswali mawili. Kwanza: neno hili lahitajiwa ili kumtibu mgonjwa? Kama halihitajiwi, lisiandikwe. Pili: nani ataruhusiwa kulisoma? Mtu mwenye UKIMWI au kifua kikuu akisikia kwamba siri yake imefika sokoni kabla yeye hajafika nyumbani, hatarudi tena kuchukua dawa, na wengine watakaosikia hawatakuja kupimwa. Tangu Oktoba 2021 Rwanda ina sheria inayolinda habari za watu. Sheria ni njema, lakini kufuli ya kwanza ni mdomo wa karani.

7. Daftari la chuo kikuu

Mtaniuliza, kazi hii ataifanya nani? Yahitaji wasomi: wanaojua hesabu, kompyuta na habari za mwili wa mtu. Mwaka 2012 serikali ilianza mpango wa kuwaleta walimu kutoka vyuo vikuu vya Marekani waje kufundisha hapa, ili madaktari na wauguzi wetu wasome nyumbani. Mwaka 2013 vyuo vya serikali viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu kimoja cha Rwanda. Milango imefunguliwa. Lakini kuingia chuoni ni jambo moja, na kumaliza ni jambo jingine. Twawajua kaka na dada zetu walioagwa kwa shangwe, na baada ya mwaka mmoja au miwili wakarudi kimya kimya bila cheti. Mmoja alikosa fedha za chakula na chumba. Mwingine alishindwa na Kiingereza. Mwingine alipoteza mzazi, akarudi kulea wadogo zake.

Maoni yangu ni kwamba njia ya Styblo ingefaa hapa pia. Chuo chochote kiwahesabu wanafunzi walioingia mwaka mmoja kuwa kundi moja, kisha kiulize kwa kila jina: Amemaliza? Anaendelea? Amehamia chuo kingine? Amekufa? Ametoweka? Kusema tu, "Mwaka huu tumetoa vyeti kwa watu kadha," ni sawa na kusema tumeponya 60. Tena daftari la mahudhurio lisomwe mapema. Mgonjwa wa kifua kikuu anayekosa dawa hufuatwa nyumbani. Hangojewi mpaka azidiwe. Mwanafunzi aliyekosa masomo juma zima angefuatwa vivyo hivyo, si kwa adhabu, bali kwa kumwuliza, "Ndugu, umepatwa na nini?" Pengine shida yake ni ndogo, na posho kidogo au masomo ya ziada ya lugha yangemwokoa. Akitoweka yeye, hospitali imepoteza mtu kabla ya kumpata.

8. Mashauri kwa wasomaji

Nimalizie kwa mambo ambayo sisi wanafunzi twaweza kuyafanya sasa.

Kwanza, tuzitunze karatasi zetu za hospitali na za wazee wetu. Tuziweke pamoja, mahali pakavu, mbali na panya na watoto.

Pili, dawa ikikudhuru, andika jina lake ukalihifadhi pamoja na karatasi hizo. Usitosheke kukumbuka rangi ya kidonge.

Tatu, twendapo na bibi au babu hospitalini, tuwasaidie kutaja jina na tarehe zile zile kila mara, ili wasije wakawa watu wawili katika daftari moja.

Nne, tusiidharau kazi ya kuandika. Mimi nasoma kidato cha mwisho, nami nimeazimu, nikijaliwa kufaulu mtihani, kusoma elimu hii ya kumbukumbu za afya. Wenzangu wamenicheka. Sina chuki nao. Nimewaandikia makala hii.

Maswali ya kujaribu

1. Taja kazi tatu za kumbukumbu za hospitali.
2. Kwa nini jina peke yake halitoshi kumtambulisha mgonjwa?
3. Faili namba 22-08-91 litatafutwa katika rafu gani kwanza? Eleza sababu.
4. Kuna tofauti gani baina ya kusema "tumeponya 60" na kuuliza "wale 40 wako wapi"?
5. Je, yafaa hospitali iandike kila jambo inalolijua juu ya mgonjwa? Jibu kwa mistari kumi.